Nani Kasema? Kitenzi "say" katika magazeti ya Kiingereza ya mwanzo wa karne ya 20

Mada hii ilitolewa mbele ya wahariri, wafasiri na wanafunzi wa uandishi wa habari. Tunaichapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wahariri na wafasiri, nanyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, habari za asubuhi.

Nimekuja na kitenzi kimoja tu. Mtoto anayeanza Kiingereza hukijua wiki ya kwanza: "say". Kusema. Fungueni gazeti lolote la London au New York la kati ya 1900 na 1923, hamtapata ukurasa usiokuwa nacho. Wala hamtapata kitenzi kilichosumbuliwa kama hicho. Walikikata mkia, wakakivalisha nguo za kuazima, wakakiacha kwenye ofisi ya telegramu ili kuokoa senti chache. Na kila kilipoanguka, msomaji alibaki na swali ambalo gazeti halikuweza kulijibu: nani kasema?

Shikeni swali hilo. Nani kasema? Tutalibeba mpaka mwisho.

Tuanze kwenye meza ya vichwa vya habari. Wakati ule gazeti lilipangwa kwa herufi za madini ya risasi. Habari yenyewe ilipigwa kwa mashine ya Linotype, iliyoanza kazi mwaka 1886 katika gazeti la New York Tribune, lakini vichwa vikubwa vilipangwa kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine. Safu ya gazeti la Marekani ilikuwa na upana wa kama sentimita 5 na nusu. Sasa herufi ya risasi haibanwi. Leo kichwa kikizidi unakipunguza kwa kubonyeza kitufe. Wakati ule neno likizidi nusu herufi, halikuingia, basi. Mpangaji chapa alilirudisha kwa mhariri na gazeti likachelewa.

Kwa hiyo wahariri walihesabu kabla ya kuandika. Kwa vichwa vya herufi kubwa hesabu ilikuwa hivi: kila herufi alama 1, isipokuwa I ambayo ni nusu, na M na W ambazo ni 1 na nusu kila moja. Nafasi kati ya maneno tuipe 1. Tuseme mstari wenu unabeba alama 17, na mnataka kuandika kwamba meya amesema jambo. MAYOR ni 5 na nusu. Ongeza nafasi, ni 6 na nusu. Mkiweka DECLARES, ambayo ni 8, mmefika 14 na nusu, na mlichobakiza hakitoshi hata neno la herufi tatu. Mkiweka SAYS, ambayo ni 4, mmefika 10 na nusu. Hapo mna nafasi ya kumwambia msomaji meya kasema nini.

Ndiyo maana SAYS ilitawala vichwa vya habari. Tena iliandikwa kwa wakati uliopo, ingawa hotuba ilitolewa jana. SAYS ilikuwa alama 4, SAID alama 3 na nusu. Kwa hapa ufupi haukuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba wakati uliopo uliifanya habari ya jana ionekane bado inatoa mvuke. Na sisi je? Tunaandika "Waziri asema". Hatuandiki "Waziri amesema". ASEMA ni alama 5 na nusu, AMESEMA ni 8. Mhariri wa Kiswahili anayeandika "asema", "akana", "akiri", "ataka" anatembea katika njia ileile ya upana wa safu.

Lakini wahariri wa Marekani walikwenda hatua moja mbele, na hapo ndipo tatizo lilipoingia. Mtenda akiwa na jina refu, walimtoa. Kichwa kikaanza na kitenzi kitupu: SAYS, halafu maneno yanayodaiwa. Msomaji alilazimika kushuka kwenye kichwa kidogo cha pili au cha tatu kumtafuta msemaji. Hiyo bado ina afadhali, maana ile S ya mwisho inakuambia kuna mtu mmoja mahali fulani aliyefungua kinywa. Ila walipoandika SAY bila S na bila mtenda, maana yake "wanasema". Wanasema nani? Watu. Watu gani? Hakuna jibu. Ni "inasemekana" yetu ileile, imevaa herufi kubwa.

Na siku nyingine hata hiyo SAY hawakuiweka.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, saa 5:40 kwa saa ya meli, Titanic iligonga mwamba wa barafu. Ilizama saa 8:20 usiku huohuo. Asubuhi ya tarehe 15 magazeti ya New York yalikuwa na vipande vya habari vilivyonaswa kwa redio za meli, vingine vimekatika, vingine vimechanganyikana na habari za meli nyingine. Na yalikuwa na kinywa kimoja chenye jina: Philip Franklin, makamu wa rais wa kampuni mama ya meli hiyo mjini New York, aliyekuwa akiwaambia waandishi kwamba wana imani kamili na Titanic na kwamba wanaamini haiwezi kuzama.

Hebu fikirini kichwa ambacho kingekuwa cha kweli mchana ule: kampuni yasema abiria wako salama. Kampuni yasema. Hilo lilikuwa kweli kabisa, kampuni ilikuwa ikisema hivyo. Badala yake Evening Sun la New York lilichapa kwamba wote wameokolewa kutoka Titanic baada ya kugongana. Kesho yake Daily Mail la London lilichapa kwamba Titanic imezama na hakuna aliyepoteza maisha. Hakuna "says". Hakuna msemaji. Gazeti limelibeba neno la mtu likalifanya lake. Watu kama 1,500 walikuwa wamekufa, na ndugu zao walikuwa wameshika karatasi inayowaambia wamshukuru Mungu.

Mtu atauliza: wangejuaje? Swali zuri. New York Times walikuwa na vipande vilevile. Mhariri wao mtendaji, Carr Van Anda, aliutazama ukimya wenyewe: redio ya Titanic ilikuwa imenyamaza tangu usiku, ujumbe wa mwisho umekatikakatika. Kichwa chao cha asubuhi ya tarehe 15 kilisema meli inazama kwa mbele, wanawake wanashushwa kwenye mashua, na kikaitaja saa ya ujumbe huo wa mwisho wa redio. Angalieni ufundi huo. Hakukuwa na nafasi ya kuweka "says" kila mahali, kwa hiyo walitaja chombo kilichosema na saa kilipokoma kusema. Msomaji aliweza kupima mwenyewe.

Sasa twendeni kwenye simu ya maandishi, yaani telegramu. Simu za kuvuka bahari zililipiwa kwa neno. Kwa hiyo waandishi waliunganisha maneno. "This morning" ni maneno mawili, wakaandika "smorning", ikawa moja. "This afternoon" ikawa "safternoon". Kilichoonekana hakina kazi kilitupwa. Na kipi kilichoonekana hakina kazi kuliko "Admirali fulani anasema kwamba"? Hayo kwa Kiingereza ni maneno manne, na kila neno lina bei.

Tarehe 7 Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa mwishoni, bandari ya Brest, Ufaransa. Roy Howard, rais wa shirika la habari la United Press, yuko pale akisubiri meli ya kumrudisha Marekani. Anaingia ofisini kwa Admirali Henry Wilson, kamanda wa jeshi la majini la Marekani katika eneo lile. Admirali ana taarifa mkononi: vita vimesimamishwa. Howard anauliza kama anaweza kuitumia. Admirali anaruhusu.

Simu iliyokwenda New York ilisema kwamba makubaliano kati ya Washirika na Ujerumani yametiwa saini saa 5 asubuhi, mapigano yamekoma saa 8 mchana, na mji wa Sedan umetekwa na Wamarekani. Hiyo ndiyo ilikuwa habari. Nani kasema? Simu haikutaja. Jina la Admirali Wilson halimo. Yaliyokuwamo chini ni majina ya Howard mwenyewe na ya William Philip Simms, mkuu wa ofisi ya United Press ya Paris. Tena ilichapwa kwa mashine ya gazeti la mji ule, La Dépêche, kwa hiyo ikaonekana kama imetoka Paris na imeshapita mikononi mwa wakaguzi wa kijeshi. Waliokuwa New York walikuwa na kila sababu ya kufikiri kwamba Howard yuko Paris, karibu na wakubwa, na analijua analolisema.

Mnaona ilivyotokea? Kitenzi kilipodondoka, kinywa kilibadilika. Neno la afisa mmoja wa bandarini, ambaye naye alilipokea kwa mwingine, lilifika ng'ambo likiwa neno la Paris.

Kwa tofauti ya saa, simu ilifika New York kabla ya saa 6 mchana. Magazeti yakatoka mbio. Watu wakamwagika mitaani, karatasi zikatupwa kutoka madirishani, kengele zikapigwa. Associated Press, shirika mpinzani, lilikataa kuithibitisha, na wasomaji wakalikasirikia kwa kuwaharibia furaha. Huko Brest, saa chache baadaye, Admirali alimjulisha Howard kwamba taarifa ile haikuthibitishwa. Howard akatuma masahihisho. Masahihisho yakachelewa njiani. Vita vilisimamishwa kweli tarehe 11 Novemba, siku nne baadaye.

Admirali Wilson alijitokeza akasema wazi kwamba ni yeye aliyeitoa taarifa ile, akiamini ni rasmi. Hilo ni la kiungwana, na lilimwokoa Howard. Lakini lilikuja baada ya karamu. Maneno manne yangelitangulia: Admirali Wilson anasema kwamba. Mhariri wa New York angeuliza mara moja, Admirali wa Brest kalijulia wapi?

Na msidhani 1918 ilikuwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Julai 1900 Daily Mail lilichapa habari iliyopitia Shanghai kwamba wageni wote waliozingirwa katika balozi za Peking (Beijing ya leo), China, wameuawa. Kesho yake The Times likachapa tanzia, mojawapo ikiwa ya mwandishi wake mwenyewe, George Morrison. Morrison alikuwa hai ndani ya mzingiro. Mzingiro ulivunjwa tarehe 14 Agosti, naye akaishi mpaka 1920. Shanghai kulikuwa na watu wengi waliokuwa wakisema mambo mengi; lililofika London lilikuwa jambo moja, tena limekuwa hakika.

Nije kwa ugonjwa mwingine, ambao ninyi vijana mnao sana. Kuona haya kurudia "alisema".

Waandishi wa Kiingereza wa zama zile waliogopa kuandika "said" mara mbili katika aya moja. Wakatafuta mbadala: "declared", "asserted", "averred", "stated", "claimed", "admitted". Ndugu wawili, H. W. na F. G. Fowler, waliipa jina la kejeli tabia hiyo ya kubadilisha maneno kwa urembo tu, katika kitabu chao cha 1906. Mwaka 1918 William Strunk, mwalimu wa chuo kikuu cha Cornell, aliwaambia wanafunzi wake kwamba "claim" isiwekwe mahali pa kutamka tu, na "state" isitumiwe kama mbadala mtupu wa "say". Miaka mitano baadaye, Machi 1923, jarida la Time likaanza, na mtindo wake ukawa kukigeuza kitenzi na kukiweka mbele ya mtenda. Lilipendwa, likaigwa, likachosha.

Kwa nini wakali wale walijali neno dogo kiasi hicho? Kwa sababu kila mbadala hubeba hukumu. "Said" haimhukumu mtu. "Claimed" inanong'ona kwamba huenda anadanganya. "Admitted" inasema kulikuwa na kosa na amekubali. Geuzeni kwa Kiswahili muone ni yaleyale. "Alidai" inatia shaka. "Alikiri" inahitaji kwanza pawe na tuhuma. "Alifichua" inahitaji jambo liwe lilifichwa, na liwe kweli. Na hili ninaliona kila siku katika taarifa zetu: "alibainisha". Mkurugenzi alibainisha kwamba maji yanatosha. Kubainisha ni kuliweka wazi jambo lililo kweli! Mwandishi hakupima maji, hakwenda kisimani, lakini kitenzi chake kimeshamthibitishia mkurugenzi. Andikeni "alisema". Mkiandika mara tano katika habari moja, hakuna msomaji atakayelalamika. Jicho hulipita kama linavyopita nukta.

Wengine wakafikiri "say" ni ngao. Weka "it is said", hakuna atakayekushika. Sheria ya kashfa ya Uingereza haikuwa hivyo: anayerudia kashfa hubeba mzigo kama aliyeianza. Julai 1908 gazeti la Sunday Chronicle lilichapa makala ya mzaha kuhusu sherehe za magari mjini Dieppe, Ufaransa. Ndani yake mwanamke mmoja anamnong'oneza rafiki yake kwamba yule pale ni Artemus Jones, yuko na mwanamke asiye mkewe. Angalieni: gazeti halikusema. Mhusika wa makala ndiye aliyenong'ona. Na huyo Jones, gazeti lilieleza, ni mtu wa kubuni, mzee wa kanisa wa Peckham.

Kumbe kulikuwa na wakili wa kweli aitwaye Artemus Jones, ambaye hata aliwahi kuliandikia gazeti lilelile. Hakuwa mzee wa kanisa, hakuishi Peckham. Alileta mashahidi waliosema walipoisoma walidhani ni yeye. Baraza la wazee wa mahakama likampa pauni 1,750. Gazeti likakata rufaa mpaka ngazi ya juu kabisa, katika baraza la malodi la bunge la Uingereza, likashindwa huko pia. Kisheria kilichowamaliza ni jina. Lakini kwa somo letu tazameni ule mnong'ono: umbali wote kati ya gazeti na maneno yale, sauti ya mwanamke asiye na jina, haukupunguza hata senti.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nichague mada hii kwa ajili ya watu wa Kiswahili.

Kiingereza kina desturi ya kurudisha wakati nyuma katika maneno ya kuripoti. Msemaji akisema "the engines have not arrived", ripoti inaandika "the engines had not arrived". Taarifa za bunge la Uingereza ziliandikwa hivyo safu baada ya safu. "Said" inatokea mara moja mwanzoni, kisha sentensi kumi zinafuata bila "said", na msomaji bado anajua ni maneno ya mheshimiwa, kwa sababu kila kitenzi kimerudi hatua moja nyuma. Ile "had" inafanya kazi ya "said" kimyakimya.

Kiswahili hakirudishi. Tunasema "alisema atakuja", "alisema injini hazijafika". Wakati unabaki palepale alipouacha msemaji. Ni uzuri wa lugha yetu, lakini una gharama. Tazameni mfano huu, nimeutunga: "Waziri alisema reli imechelewa. Injini hazijafika. Mvua imebomoa daraja." Nani kasema mvua imebomoa daraja? Kwa Kiingereza, kwa ile "had", ni waziri. Kwa Kiswahili ni mwandishi. Mfasiri hakukosea neno hata moja, na bado amehamisha jukumu kutoka kinywa cha waziri hadi kwenye gazeti.

Wahariri wa Kiswahili wamekuwa wakifasiri simu na taarifa za Kiingereza tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam Januari 1923, na kosa hili halina umri. Lipo kwenye taarifa za wiki hii. Basi fanyeni hivi. Kwanza, kabla ya kufasiri, pitieni taarifa ya Kiingereza na mpigie mstari kila "had", "would" na "was" iliyo ndani ya maneno ya mtu. Pili, sentensi mbili zikipita bila kinywa, ya tatu iwe nacho: "akasema", "kwa maelezo yake", "waziri huyo alisema". Tatu, aya ikianza upya, jina lianze upya, maana msomaji wa simu ya mkononi huenda ameanzia hapo. Nne, "inasemekana" ikitokea, msiifasiri mpaka mmempata aliyesema. Msipompata, sentensi itoke. Mitaani tuna "eti", neno zuri mno, linalosema kwa silabi mbili "mimi sikuwepo, nimesikia". Gazetini hatuliruhusu kwa sababu lina dharau ndani yake. Basi kazi yake lazima ifanywe na "alisema", kila mara, bila uvivu.

Kwenye meza ya nyuma kuna karatasi zenye taarifa tatu za Kiingereza, kila moja ya maneno kama 150, na tafsiri yake iliyochapwa kandokando. Katika ya kwanza kuna sentensi nne zilizopotewa na msemaji. Chukueni kalamu nyekundu, kaeni wawili wawili, na pembeni ya kila sentensi andikeni jina la mtu. Tuna dakika 20.